Kutoka falka hadi kichwani

(Maneno haya niliyasema Tanga, mbele ya vijana wanaoanza kazi za bandari na wazee waliokuja kusikiliza. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila pale nilipokatishwa na muda nimeongeza kidogo.)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Na nyinyi wanangu mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele, sauti yangu si ya jana.

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo. Siku zetu meli kubwa haikuja gatini. Ilitia nanga kule nje, nasi tukaifuata kwa matishari, mashua bapa za kuchukulia mizigo. Kazi yangu ilikuwa kusimama ukingoni mwa falka, mlango wa tumbo la meli, na kalamu ya risasi na karatasi: slingi, yaani fungu la mizigo la kunyanyuliwa kwa kamba, ikipanda naandika, slingi ikishuka naandika. Marobota ya katani, magunia ya saruji, mapipa ya mafuta. Mzee aliyenifundisha kazi alinikuta siku ya kwanza nimeduwaa, natazama bomba la moshi na milingoti. Akanishika bega: "Usitazame meli, tazama kilichomo. Meli ni sufuria, watu wanakula ubwabwa."

Nimeombwa kuzungumza juu ya Vita Kuu ya Kwanza na bahari yetu, na najua wengi wenu mnaisubiri Königsberg. Manowari ile ya Wajerumani imeandikwa sana, na leo itapita tu. Mimi nataka kuwaeleza habari za meli ya mizigo, tena ndogo, ambayo haikuwa na sifa yoyote mpaka vita vilipoitwaa. Safari yake ya mwisho iliishia hapa jirani, Ghuba ya Manza, kaskazini kidogo ya hapa tulipo.

Jina lake la kuzaliwa ni Rubens. Ilikuwa meli ya Kiingereza ya makaa ya mawe, ukubwa wa tani zipatazo 3,600, meli ya kazi kama mia nyingine za wakati ule: inapakia huku, inapakua kule. Agosti 1914 vita vilipolipuka, bahati mbaya ikaikuta Hamburg, bandari ya Wajerumani, na Wajerumani wakaikamata. Ndivyo sheria ya vita ilivyozifanyia meli za biashara. Ukikutwa bandari ya adui, chombo chako si chako tena. Na hata ukiwa bandari ya kwenu, serikali yako yenyewe inaweza kuja na karatasi na kukuambia: meli hii kuanzia leo tunaihitaji. Meli ya ng'ombe inabeba askari, ya makaa inafuata manowari kuzilisha, nyingine inazamishwa makusudi kuziba mlango wa mto.

Hiyo ya mwisho si mfano wa kubuni. Novemba 10, 1914, Waingereza waliichukua meli ya makaa ikiitwa Newbridge, wakaiingiza kwenye mdomo wa Rufiji huku risasi zikiimiminikia kutoka kwenye mikoko pande zote mbili, wakaitia nanga omo na tezi, mbele na nyuma, ikalala kukingama mkondo, kisha wakailipua tumbo. Walitaka kuifungia Königsberg ndani. Lakini Rufiji, wazee wa Kibiti watawaambia, haina mdomo mmoja. Ukiziba huu, maji yana njia nyingine. Ile meli ikalala pale na kazi yake nusu.

Sasa turudi kwa Rubens. Kwa nini Wajerumani waliihitaji? Königsberg ilikuwa imeipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja, Septemba 20, 1914, kisha ikajificha Rufiji. Injini mbovu, na makaa hakuna. Meli ya moshi bila makaa ni chuma tu. Huku nchi kavu kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa ameshinda vita vya Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914. Hapa hapa mjini. Waingereza na askari wao kutoka India walirudi melini mbio, wakaacha bunduki, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Januari 1915 akapigana tena Jasin, pale mpakani, akashinda. Lakini ushindi ule ulimtisha. Jasin peke yake ilikula risasi 200,000 na maofisa wengi. Akakaa akahesabu, akaona mapigano ya namna ile angeyamudu mara tatu tu zaidi, basi. Bahari imefungwa na Waingereza, hakuna kinachoingia.

Na askari wake wengi, watu wa huku, walikuwa bado wanashika bunduki ya mwaka 1871. Bunduki ile ilitumia baruti ya zamani. Kila ukifyatua, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako na kukaa. Adui hahitaji kukutafuta, anapiga penye moshi tu. Fikirini kijana wa Kimanyema au wa Kisukuma amelala kwenye nyasi, anajua kwamba risasi yake mwenyewe ndiyo itakayomtaja.

Basi Wajerumani wakaifungua Rubens na kuanza kupakia. Hapa mimi kama karani moyo wangu unanidunda, maana upakiaji ule ulikuwa wa akili sana. Kwanza makaa, tani zipatazo 1,600, chakula cha Königsberg. Bunduki mpya 1,800. Risasi za bunduki, mamilioni. Makombora ya mizinga ya manowari. Bunduki za rashasha, mahema, nguo, dawa, vifaa vya kutengenezea mitambo. Halafu juu ya yote, sitahani, mbao. Mbao kwa sababu meli ilikuwa imepewa uongo wa kubeba: sasa inaitwa Kronborg, ni ya Denmark, nchi isiyo na upande vitani, na meli ya Denmark kubeba mbao ni jambo la kila siku. Nahodha wake, Carl Christiansen, alikizungumza Kidenmark, na mabaharia nao walichaguliwa kwa kigezo hicho hicho. Manowari ya Kiingereza ikisimamisha chombo, ofisa akapanda ngazi na kuuliza, ajibiwe kwa lugha inayolingana na bendera.

Februari 1915 ikatoka Wilhelmshaven. Haikupita njia fupi. Ilipanda kaskazini kabisa, ikazunguka juu ya Uskoti penye baridi na mawimbi ya kutisha, ikashuka Atlantiki yote, ikalizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikaibukia kwenye bahari yetu ya Hindi. Miezi miwili karibu. Bila kutia nanga bandari yoyote ya kununua hata ndimu. Mabaharia mliomo humu mnajua miezi miwili ya namna ile inafanya nini kwa mtu. Na wale chini, kwenye majiko, wanatupa makaa motoni kwa koleo zamu kwa zamu, wamekalia milima ya risasi.

Ikafika karibu na Aldabra, ikaanza kuitafuta Königsberg kwa simu ya upepo. Hapo ndipo siri ilipotoboka. Waingereza walikuwa wakiyanasa mazungumzo yale hewani. Kapteni Looff wa Königsberg alijua hawezi kutoka Rufiji kuja kuipokea, manowari zilikuwa zimesimama mlangoni. Akaiagiza ielekee Tanga.

Asubuhi ya Aprili 14, 1915. Admeri King-Hall wa Waingereza, juu ya manowari Hyacinth, alikuwa ameshakuja kuingoja. Manowari na meli ya mizigo, hakuna mashindano hapo. Lakini Hyacinth ilikuwa chombo kizee, na katikati ya mbio injini yake moja ikavunjika. Mwendo ukashuka. Christiansen akapata upenyo wa dakika chache tu, akaiacha njia ya Tanga mjini, akaingia Manza.

Nimekwenda Manza mara nyingi. Ni ghuba tulivu, imekumbatiwa na mikoko, na kusi likivuma nje ndani unaweza kusikia ngalawa ikikwaruza mchanga. Wenyeji wake ni Wadigo na Wasegeju, wavuvi na wakulima wa minazi na muhogo. Siku ile makombora yaliruka juu ya ncha ya nchi kavu, yakaangukia ndani ya ghuba.

Christiansen hakuwa na mzinga wa kujibu. Alichokuwa nacho ni shehena, na mawazo yake yote yakaenda kwenye shehena. Akaamuru vali za chini zifunguliwe maji yajae falkani, meli ikakaa chini penye kina kidogo. Kisha akazitia moto zile mbao za sitahani. Kumbukeni zile mbao. Zilipakiwa Ujerumani zidanganye macho, na Manza zikadanganya tena. Moshi ukapanda mnene, ndimi za moto juu ya meli yote. Waingereza wakateremsha mashua, wakasogea, wakaona chombo kinaungua hakizimiki, wakarudi. Hyacinth ikapiga makombora yake, ikaridhika, ikaondoka.

Moto ulikuwa juu. Mali ilikuwa chini, ndani ya maji, salama.

Ingekuwa makaa peke yake, hadithi ingekwisha pale. Maana makaa, yaani sababu ya kwanza ya safari, hayakufika Rufiji. Königsberg haikuonja hata koleo moja, na Julai 11, 1915, ikapigwa na meli mbili za mizinga za Waingereza, Severn na Mersey, hata mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Kwa hesabu ya wakubwa wa jeshi la majini la Ujerumani, safari ya Rubens ilishindwa. Nami nikiwa mdogo niliwahi kuisikia ikisimuliwa hivyo, kama habari ya kushindwa. Ni baada ya kushika karatasi za mizigo miaka mingi ndipo nilipojua kwamba msimuliaji alikuwa anatazama meli, hatazami kilichomo.

Waingereza walipogeuza, kazi ya kupakua ikaanza, na iliendelea kwa majuma. Upakuaji wa namna ile sijawahi kuuona wala siombi kuuona. Sitaha imejikunja kwa moto, falka zimejaa maji ya chumvi, wapiga mbizi wanashuka gizani kupapasa makasha. Hakuna winchi inayofanya kazi. Kila kasha linapandishwa kwa kamba na mikono, linatiwa mashuani, linashushwa ufukweni, linabebwa kupita tope la mikoko.

Naomba tukae kidogo kwenye risasi, maana ni kitu kidogo na mtu anaweza kukishika. Risasi nzima ya bunduki ile ina ganda la shaba, ina urefu wa kidole, ndani ina baruti, kitakoni ina fataki. Ikilala ndani ya maji ya bahari, chumvi inapenya taratibu. Shaba inaota kijani. Ukiitia kwenye bunduki ukafyatua, unasikia mlio mkavu tu, tk, na risasi haitoki. Na mbele yako kuna mtu ambaye yake itatoka. Kwa hiyo zile risasi zilibidi zifunguliwe moja moja, baruti isafishwe na kuanikwa ikauke, shaba ifutwe, zifungwe tena. Kwa mamilioni. Hata hivyo si zote zilizopona, na kwa muda mrefu baadaye askari walilalamika juu ya risasi za Manza zinazogoma.

Lakini nyingi zilipona, na bunduki mpya zikapona. Bunduki zisizotoa moshi. Yule kijana kwenye nyasi hakutajwa tena na risasi yake. Vita ambavyo kamanda alikuwa amehesabu vimebaki mapigano matatu, vikaendelea. Mwaka uliofuata, Machi 1916, ikaja meli ya pili kwa ujanja ule ule, ikiitwa Marie, ikaingia Sudi kule Lindi na mizinga mikubwa minne, risasi na dawa. Hiyo ilijifunza kwa mwenzake: shehena yake ilikuja imefungwa kwa vipimo vya kichwa cha mpagazi. Yaani mtu yuko Ujerumani, ana mizani mbele yake, anafunga kasha, na tayari anakijua kichwa cha Mmwera au Mmakua ambaye hajamwona na hatamwona. Marie ikapakua, ikapigwa makombora, ikachomoka usiku, ikafika salama Batavia, Jakarta ya leo, kwa Waholanzi. Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo. Rubens ilikuja, haikuondoka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Karani anafundishwa kwamba mzigo ukivuka ukingo wa meli, kazi yake imekwisha. Ameandika idadi, ameandika alama, mpokeaji ametia sahihi. Mimi nikistaafu nilikaa barazani nikaanza kuufuata ule mzigo wa Manza mbele ya sahihi. Risasi moja nzima ina kama gramu 24. Risasi 1,000 ni kilo 24, na huo ndio mzigo wa mtu mmoja, hujaweka kasha lenyewe, hujaweka mkeka wake wa kulalia na posho yake. Kwa hiyo kila risasi milioni moja ni vichwa 1,000. Tani moja ambayo mimi nilikuwa naiona inapanda kwa slingi moja, winchi ikilia kidogo tu, ikishuka barabarani ni watu 40, mmoja nyuma ya mwingine.

Kutoka Tanga palikuwa na reli hadi Moshi, hiyo ilisaidia. Lakini vita vilipohama kwenda kusini, 1916, mizigo ikashushwa Mombo, ikatiwa kwenye vijigari vya reli nyembamba vinavyosukumwa kwa mikono hadi Handeni, na toka Handeni kwenda Reli ya Kati ikapanda vichwani. Na baada ya Reli ya Kati, Mahenge, Liwale, mpaka Ruvuma na ng'ambo ya Ruvuma, vichwani. Mizinga ya Königsberg yenyewe ilitolewa Rufiji, ikatiwa magurudumu, ikaburutwa na watu kwa kamba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nimeutia mkono. Ni baridi hata juani, na nilipousukuma kwa bega sikuutikisa hata kidogo.

Upande wa pili ilikuwa hivyo hivyo, na zaidi. Waingereza waliwachukua wapagazi kwa malaki, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini walikoitwa tengatenga, na humu nchini kila walipopita. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kwa kikosi chao, na Kariokor ya Nairobi vilevile. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza tu wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa homa ya mapafu, mtu wa joto amepandishwa baridini na blanketi moja, mtu aliyezoea ndizi amepewa unga asioujua na hana muda wa kuupika ukaiva. Nyumbani mashamba yalikosa mikono na maghala yalifagiliwa. Ugogo njaa iliyofuata wanaiita mtunya hadi leo, na mzee wa Kigogo akilitamka neno hilo utaona uso wake.

Vita vile viliisha Novemba 25, 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Kule Ulaya bunduki zilikuwa zimenyamaza majuma mawili kabla.

Sisemi kwamba meli moja ndiyo iliyorefusha vita vyote vile. Askari wa von Lettow-Vorbeck waliteka silaha nyingi kutoka kwa adui zao, na wangeendelea kwa njia moja au nyingine. Nasema kilichotoka Manza kilikuwa kingi, kilipiga, na kila hatua kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Tena nasema jambo hili bila kumchukia Christiansen. Alikuwa baharia hodari, na kuiokoa shehena kwa kuizamisha ni akili ambayo wachache wangekuwa nayo makombora yakianguka. Kila kitabu kinachogusa habari hii kinamtaja, na anastahili. Tunamjua nahodha, tunamjua admeri, tunajua mpaka injini ya Hyacinth ilivunjika wapi.

Pale Dar es Salaam, kwenye sanamu la askari lililozinduliwa 1927, wapagazi wametajwa kwa maneno machache: walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu lenyewe ni la askari mwenye bunduki. Mchukuzi yumo kwenye maandishi, juu pale kwa yule askari hayupo.

Nimeandika karatasi ya mizigo ya Rubens kwa mkono wangu, kama ambavyo ningeiandika kazini. Upande wa kushoto kilichopakiwa Ujerumani. Katikati kilichopakuliwa Manza. Kulia nimechora safu ya mchukuzi, mistari mingi, na safu hiyo ni tupu tangu juu hadi chini. Karatasi ninayo hapa, nitaipitisha muitazame, naomba irudi.

Na hapa ndani najua wapo wenyeji wa Mkinga, Moa, Manza, Kwale. Kama nyumbani kwenu kuna habari ya babu au bibi aliyebeba kasha kutoka ghuba ile, au aliyekaa akifuta risasi, au aliyechukuliwa na hakurudi, hata kama ni jina moja tu bila la baba, nitakuwa nimekaa pale mlangoni baada ya chai. Nina daftari na kalamu ya risasi.